Mwezi Mkubwa na CV Yangu

Nawasalimu mnaoumwa na mnaouguza. Sina uhakika kama mimi ndiye mtu wa kushuhudia, maana bado nameza dawa, na shule niliishia darasa la saba. Ila nina kawaida ya kuandika mambo yangu jioni, na muuguzi wa kliniki ameniambia, "Kabula, andika na wenzako wasome." Basi naandika.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mfungashaji katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kazi nilikuwa naipenda. Samaki walipopungua, na sisi tukapunguzwa. Kiwanda sikilaumu, samaki kweli hawakuwepo.

Nilitafuta kazi nyingine, nikakosa, nikatafuta tena. Miaka ikaenda. Kisha usingizi ukakata. Chakula kikawa kama natafuna karatasi. Nikaacha kuoga. Nilinuka, nilijua nanuka, na bado sikuweza kunyanyuka kulifuata beseni. Baadaye nikawa nasikia majirani wakinisema hata wakiwa hawapo. Siku moja nilijifungia ndani nikitaka kufa. Mama aliita watu, wakavunja mlango.

Alinipeleka kwenye maombi, halafu kwa mganga, halafu hospitali. Sitaki kumsema vibaya yeyote. Mchungaji alikaa na mimi kwa upole, na mganga mwenyewe alimwambia mama, "Huyu mpeleke na kwa daktari." Daktari alinitazama akasema, "Hujarogwa wala hudeki. Unaumwa." Dawa zilinikausha mdomo, mikono ikatetemeka hadi chai ikamwagika, nikanenepa. Lakini zile sauti zilipungua, na siku moja zikanyamaza.

Nilipotulia nikaenda kukaa Kigongo kwa mama mdogo Minza, anayekausha dagaa. Tulikuwa tunawamwaga juu ya chanja, tunawageuza na kufukuza korongo. Nikaanza kula. Nikaanza kucheka. Shida ikawa moja: kila mwezi ukiwa mkubwa angani, nilianguka. Nilirudi kitandani nikageukia ukuta. Mwezi ukipungua naamka. Watu wakasema kichaa changu kinafuata mwezi. Mama mdogo aliamini, na mimi niliamini kuliko wote.

Hapo ndipo binamu yangu Sospeter, anayekaa Nyegezi, alipokuja na habari kwamba kiwanda kingine kinatafuta wafungashaji. Wanataka CV.

"Andika, dada."

"Siandiki. Nitawaambia niko tayari kufanya kazi, halafu kila mwezi niwakimbie? Huo si uongo?"

"Nani anaandika mwezi kwenye CV?" Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nikiandika nadanganya, nisipoandika nazeekea kwenye kitanda cha watu.

Siku ya kliniki, mama mdogo alinisindikiza. "Shikamoo," nikamwambia muuguzi.

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza. Akauliza, "Mwezi ukiwa mkubwa, mnafanya nini pale Kigongo?"

"Hatufanyi kitu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwaka hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaendi ziwani, na sisi hatuna cha kuanika."

"Unaamka saa ngapi?"

"Siamki."

"Na dawa?"

Nikamwambia ukweli. Dawa nilikuwa namezea uji tunaokunywa chanjani asubuhi. Pasipo dagaa hapakuwa na uji, na pasipo uji dawa nilizisahau.

"Mwezi una mambo gani, mimi sijui," akasema. "Lakini wewe unaacha kazi, uji na dawa kwa pamoja, halafu unausingizia mwezi ulio juu!"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani tumeogopa bure! Ngoja uje huo mwezi, nitakufanyisha kazi mpaka unitukane."

Alitimiza. Mwezi ulipokuja alinipa uji na dawa kitandani, akanitoa tukatengeneze chanja, tukakandike jiko. Siwezi kusema nilijisikia vizuri. Lakini niliamka. Mwezi uliofuata pia, na uliofuata. Nikampigia Sospeter nikamwambia niko tayari.

Tulikwenda steshenari Nyegezi. Dada anayechapa akasema, "Hapa katikati, tangu utoke kiwandani, hakuna kitu. Niweke 'amejiajiri'? Wote wanaweka hivyo." Alitaka kunisaidia, simlaumu. Nikampigia mama mdogo. "Mama, mimi hapo kwako nilikuwa nafanya kazi au nilikuwa naumwa?"

"Vyote viwili. Ulikuwa unaumwa huku unageuza dagaa."

Nikasema liandikwe hilohilo: nilikuwa mgonjwa, nimetibiwa, naendelea na dawa, nimekausha dagaa Kigongo.

Sisemi kila mtu aandike ugonjwa wake. Waajiri hawafanani, na kunyamaza ni haki yako. Mimi nisingeweza, ndivyo nilivyo.

Msimamizi wa kiwanda aliisoma taratibu.

"Uliumwa nini?"

"Akili."

"Ukizidiwa tena?"

"Nitasema mapema."

Akaiweka CV mezani. Kisha akasema, "Mimi shida yangu ni mtu wa kuja Jumatatu."

"Nitakuja."

Nilikwenda Jumatatu hiyo, na nimeendelea kwenda.

Namshukuru Mungu, mama yangu, mama mdogo, na wote walionishika mkono, hata waliouogopa mwezi pamoja na mimi. Ndugu yangu, ukianguka tena baada ya kupona, usikimbilie kusema umeumbwa hivyo. Mweleze mtu siku zako zinavyokwenda: unaamka lini, unakula nini, dawa unaimeza saa ngapi. Peke yangu nisingeona.

Leo nimerudi kutoka kiwandani miguu inaniuma. Nimesimama kutwa nzima, ndiyo sababu. Nikilala itapona.