Jiko Lenye Kifuniko

Kwa nini Baba hakukana? Swali hilo hunirudia kila ninaponusa ganda la kiazi likiungua, na nilijiuliza kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa mchoma nyama Kehancha, mji wetu wa Wakuria ulio mpakani, kando ya bucha karibu na soko. Jiko lake lilikuwa wavu juu ya mawe, wazi kama kiganja. Mteja alichagua kipande kikiwa bado kinaning'inia, kikapimwa, kisha akavuta kiti na kukikodolea macho hadi kiive. Kwetu hakuna anayeiacha nyama yake peke yake motoni. Hata haja ndogo mtu huiahirisha. Baba alipenda kusema kwamba kazi yake si kuchoma bali kutazamwa akichoma.

Basi mchuuzi mmoja kutoka upande wa Tanzania akamuuzia jiko la ajabu: sanduku la bati linalong'aa, lenye kifuniko, kipimajoto, na reli ya misumari minne mirefu ya kuchomekea viazi ili, kwa maneno yake, viive kuanzia ndani. Kipimajoto kilikwama siku ya kwanza. Viazi vilitoka vikiwa makaa nje na mawe ndani. Mama, aliyekaanga chipsi hatua chache kutoka hapo, alimtupia kuku kimoja. Kuku akakidonoa mara moja, akaenda zake. Baba alinuna, lakini kila asubuhi aliendelea kulipangusa sanduku lake kama anayeogesha mtoto.

Siku ya soko akaja Chacha, mnunuzi wa ng'ombe, akachagua mbavu nane. Baba akaziweka, akachomeka viazi kwenye reli, akafunika. Chacha akanung'unika kwamba hajazoea nyama ya gizani, ila alikuwa na fahali wa kwenda kumwangalia, akaondoka. Aliporudi, Baba akafunua, na Chacha akahesabu kwa kidole.

"Baba Robi, kumbe mbavu zako hutembea?"

Watu walicheka. Baba alizitazama zile saba, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nimekosa, ndugu yangu. Nitakuongezea nyingine."

Angesema mbwa amepita na ubavu mmoja, wangemwamini. Lakini kukiri kosa siku ya soko, mbele ya watu waliokunywa tangu asubuhi, ni kujivua nguo. Mtu akatamka neno mwizi. Chacha aliing'oa ile reli motoni kwa kitambaa na kumpiga nayo usoni. Baba alipoinua mkono, misumari ikazama kiganjani, na viazi vya moto vikabingirika hadi miguuni mwetu. Nilisikia ngozi yake ikiungua. Kisha yakaja mateke, kisha rungu, kisha jiwe lililompasua juu ya jicho. Kuna mtu alikuwa ameshaleta tairi. Mama alinibana uso wangu begani mwake, asiseme neno.

Mwenye bucha ndiye aliyemwokoa. Alitoka na shoka lake la mifupa, akasimama juu ya Baba huku ametanua miguu.

"Anayemtaka huyu aanze na mimi. Na wewe Chacha, utaua mtu kwa ubavu mmoja?"

Walitawanyika polepole, wengine wakiokota viazi.

Tulihamia Magunga, kwao Mama, jambo ambalo mwanamume wa Kikuria hulimeza kama mwiba. Jicho lile halikuona tena. Hadithi ya wizi ilitufuata, na Baba hakuwahi kuibishia. Nilipofika chuo kikuu, nikatilia shaka kila kitu, naye nikamtia kwenye orodha: niliamua kwamba aliiba kweli. Likizo nikawa siketi naye.

Siku hizi marafiki hunitumia picha za majiko ya kuzungusha nyama na vyombo vya kusokota viazi, wakiniuliza kama vinafaa kununuliwa. Huwaambia wanunue wavu, kisu, na kiti cha kukalia.

Baada ya kumzika Baba, tukimenya viazi vya wageni wa matanga, Mama aliniambia bila kuniangalia. Ubavu ule aliula yeye, nyuma ya bucha, akiwa na mimba ya mdogo wangu na uchu wa nyama uliomshinda. Baba alimwona akiuchomoa. Baba alingoja hadi yeye alipopinda kona ya bucha, na Mama akachungulia, akamwona akikirudisha kifuniko taratibu, kisilie.