Nilishukuru zahanati mbele ya mbunge, mke wangu akaitwa mwongo

Admin, shikamoo kama umenizidi umri. Naomba ufiche jina langu, la kijiji na la jimbo, maana watu wa kwetu wapo humu. Nina miaka thelathini na minne, mke mmoja na watoto wawili. Shule niliishia darasa la tano, mkiona nimekosea mnivumilie. Kwetu ni mbali, basi linaondoka alfajiri unafika jua limezama. Hapa Dodoma ni mwaka wa pili nabeba zege, nimepanga chumba Majengo, na sijarudi nyumbani tangu nije. Mtoto wa pili namjua kwa picha tu.

Kijijini tulianza kujenga zahanati kwa nguvu zetu. Mimi mwenyewe nilisomba mawe ya msingi. Kuta zilifika kwenye lenta, juu ya madirisha, zikasimama hapo, nikaondoka. Uchungu ulipomshika mke wangu hapakuwa na pa kwenda, wakampakia kwenye pikipiki kwenda kituo cha afya cha kata jirani. Hakufika. Alijifungulia kwenye shamba la alizeti la watu, mama yangu ndiye aliyempokea mtoto. Kijiji kizima kinajua.

Bunge lilipokaa, mbunge wetu alileta wananchi kulitembelea. Katibu wake akanipigia. "Kaka, wewe si mtu wa kule? Kwenye basi hakuna hata mmoja wa kijiji chenu. Njoo ule pilau na wenzako." Nikaomba ruhusa, nikaoga, nikaenda. Tulipotoka bungeni tukapelekwa ukumbini Makole, mheshimiwa akatoa taarifa ya jimbo. Alieleza maji, barabara, matibabu ya wazee, akafika kwenye zahanati yetu. Akatuonyesha picha kubwa ukutani: bati la bluu, kuta nyeupe, yeye na diwani wamesimama mbele. Akasema akina mama wameanza kupata huduma.

Mimi plasta naijua. Ile ilikuwa mbichi, chini bado ina weusi wa maji. Madirisha hayakuwa na vioo, na lundo la mchanga limeziba nusu ya mlango. Jengo la hivyo halijapokea mgonjwa. Niliona, siwezi kusema sikuona.

Katibu akanigusa bega, "Simama kaka, useme neno la shukrani. Fupi tu." Nikapewa maiki, huku kijana wa kamera ananirekodi. Mheshimiwa akatabasamu, akaniita ndugu yangu. Mimi tangu nifike mji huu anayeniita anataka zege. Nikashukuru, wakapiga makofi. Yale makofi yakanipanda kichwani. Nikasema, "Hata mke wangu amejifungulia pale pale, salama kabisa." Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Wiki ile ile katibu aliongea na mkandarasi wetu, nikatolewa kwenye zege nikawekwa stoo, natoa saruji na misumari. Mgongo ukapumzika. Mwenzangu mmoja, Mrangi wa Kondoa, alikuwa ameiona ile video mtandaoni. Kila asubuhi anakuja dirishani, "Mheshimiwa wa stoo, tutolee mifuko kumi, na zahanati moja!" Nacheka naye, ila rohoni sicheki.

Kumbe nyumbani mkutano wa kijiji uliitishwa. Mke wangu, ambaye hata kwenye kikoba chao cha kuweka akiba huwa hasemi, alisimama akauliza kwa nini zahanati ina kufuli hadi leo, na muuguzi analetwa lini. Akaeleza alivyojifungulia shambani, mbele ya wanaume wote wale. Diwani hakubishana naye. Alitoa simu, akaiunganisha na spika, akaweka video. Sauti yangu ikasikika hadi barabarani. Halafu akamuuliza, "Mama, huyu si mumeo? Sasa kati yenu mwongo nani?" Watu wakacheka. Mama yangu akainuka kusema yeye ndiye aliyempokea mtoto, akaambiwa, "Kaa mama, mwanao keshasema." Kwenye muhtasari wakaandika huduma zimeanza. Habari ya muuguzi ikaishia hapo.

Mke wangu alinipigia kesho yake. Hakulia. Aliniita kwa jina langu, yeye siku zote huniita baba fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Nilijifungulia wapi?"

Nikamuuliza watoto wanaendeleaje.

"Nakuuliza. Nilijifungulia wapi?"

"Shambani."

"Haya. Uje uyaseme hayo pale waliponichekea. Usinitumie mtu, usinitumie meseji. Mdogo wako ana mimba ya miezi saba humu ndani, na anaiangalia ile kufuli kila akienda kisimani."

Akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Juzi katibu naye kanipigia. Mheshimiwa anakwenda jimboni wiki ijayo, kijijini kwetu atafika. "Nimekuwekea nafasi kwenye gari, kaka. Ukawasalimie watu wako, useme kama ulivyosema Makole." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mjinga. Nilipomwambia yule Mrangi aliacha utani. Alisema, "Ukifungua mdomo kule, stoo basi. Utarudi kwetu kwenye karai la zege." Na mgongo wangu, ndugu zangu, siku hizi nikiinama kufunga viatu nashika ukuta.

Najua nilikosea, hilo msihangaike kuniambia. Nishaurini hapa: nipande gari la mheshimiwa nikaseme ukweli mbele yake, au nitangulie na basi nikauseme kabla hajafika? Na wewe utakayeniambia nikae kimya nilinde kibarua, niambie na hili: siku ya mdogo wangu ikifika na ile kufuli bado ipo, nimwambie nini?