Msalaba wa Baba na Mng'ao Unaofifia

Jumamosi, katikati ya Juni. Ukungu mpaka saa nne, kisha jua lisilo na joto.

Leo tumeweka msalaba kwenye kaburi la mume wangu, binti yetu hayupo. Ndiye mtoto wetu pekee, na katika ukoo huu mtoto wa kwanza ndiye anayeushika msalaba saruji inapomwagwa.

Tiketi alishakata. Alhamisi akapiga simu kutoka chuoni kwake, Afrika Kusini. Nyota kubwa imelipuka mbali mno, miale yake ya gama imetufikia kwa sekunde chache ikapita. Kilichobaki nyuma ni mng'ao, nao unafifia kila siku. Wanaupima kwa darubini kabla haujazimika, na zamu ni yake. Naandika nilivyoelewa, niliishia darasa la saba, huenda nimekosea.

Nikamuuliza, "Na baba yako?"

Akasema, "Mama, baba nitamkuta hata mwezi ujao. Huu sitaukuta."

Nilikasirika, sifichi. Lakini haki lazima isemwe: marehemu mwenyewe hakuwepo tulipomzika mama yangu. Kahawa ilikuwa imeshachumwa, na isipokobolewa siku hiyohiyo inachacha. Yeye nilimwelewa. Mtoto nisimwelewe kwa nini?

Nikamwomba mdogo wa marehemu tusogeze siku. Akaniambia mbele ya watu, "Shemeji, hiyo nyota ina undugu gani na sisi?" Wakacheka, na mimi kidogo. Ila naye hakukosea. Ndugu wa Lundo, kule ziwani, walishapanda milima kuja huku kwetu Mapera, na pombe ilikuwa imeiva. Pombe nayo haingoji.

Basi nimeushika mimi. Shemeji alitaka kunipokea, nikakataa. Sijui kama yalikuwa mapenzi au ukaidi tu. Nimeachia saruji iliposhika.

Wageni walipoondoka nilisimama uani nikatazama juu. Binti alishaniambia kwa macho matupu mng'ao hauonekani. Nilitazama hivyo hivyo. Ujumbe wake ukaingia: bado wanauona, umefifia sana, je, msalaba? Nikamjibu umesimama wima.

Nimekula ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani walioletwa na ndugu wa Lundo. Nilikuwa nimesonga ugali wa watu wawili. Uliobaki nimeufunika.