Masikio Marefu

Jirani yangu Perrine Kerdraon, wa hapa Plougastel, pwani ya Ufaransa, alifuga sungura maisha yake yote bila kulitaja jina lao. Mumewe, Goulven, alikuwa mpishi kwenye Bouvet, manowari kuukuu, na mabaharia wetu huamini kwamba jina hilo likitajwa, meli huzama. Mimi niliona ni ujinga mtupu. Hata mezani, akilamba vidole, Goulven alikuwa akisema, "Mke wangu, masikio marefu wako ni watamu!"

Machi 1915, vitani kule Dardaneli, Uturuki, Bouvet iligonga bomu lililotegwa baharini. Ilizama kwa dakika mbili tu, na watu zaidi ya mia sita. Goulven hakurudi.

Miaka ishirini baadaye tulikuwa sokoni, na mdomo wangu huu hauna breki. "Perrine, sungura wako huyu amenona!"

Akanichapa kofi mkononi. "Koma! Huna adabu?"

"Jamani, si meli ilishazama?"

Akamfunika yule mnyama kwa aproni yake, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Ilizama, ndiyo," akasema. "Lakini mume wangu bado yumo ndani."