Maotea ya Mama Naetwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Same mjini nikiwa na viatu vya kuazima, barua ya ajira, na cheti cha kilimo nilichokikunja mara nne. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ya mche ikikatwa vipande ili kila nyumba ipate cha kufulia. Afisa Kilimo wa Wilaya alisoma barua, akavitazama viatu, akasema, "Hivyo havitafika." Akaniandikia kwenda milimani, juu ya Gonja, nikawe bibi shamba wa kahawa. Na kweli havikufika. Kisigino cha kushoto kilibaki njiani, nami nikaingia ofisi ya tarafa nikichechemea.

Bwana Shamba wa Tarafa alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya pama iliyopaushwa na jua, na hakuwa na muda wa kukaribisha wageni. Nilipomwamkia alinyoosha mkono dirishani, akakata tawi la mkahawa uliokuwa pale nje, akanipa.

"Marahaba. Soma hili."

Nikasoma kama nilivyofundishwa chuoni. Majani ni ya kukabiliana, yaani hutoka mawili mawili, kila moja likitazamana na lenzake. Pale yanapotokea pana kifundo, na kipande cha katikati ya kifundo na kifundo huitwa pingili. Maua hutoka kwapani, pale jani linaposhikana na tawi.

"Hayo hata mbuzi wangu anayajua," alisema. "Mimi nataka uniambie tawi hili lilipata njaa lini, lilishiba lini, na mwaka jana lilizaa wapi."

Chuoni hatukufika huko.

"Basi kesho huna kazi nyingine. Utakaa na mkahawa mmoja kutwa nzima, bila mkasi. Na ushike neno langu, binti: katika ofisi hii hakuna mtu kuandika habari za mti ambao hajaushika tawi."

Mimi si mtu wa milimani. Nilizaliwa kambi ya mkonge huko bondeni. Baba alitoka Kigoma kuja kukata. Majani ya mkonge hupanda yakilizunguka shina, na mkataji huanza na yale ya chini akizunguka nayo. Baba aliweza kumaliza mmoja huku akipiga soga na mwenzake wa mstari wa pili. Mkonge hukaa miaka mingi ukitoa majani tu, kisha siku moja husimamisha mlingoti, ule mti mrefu wa maua na vitoto, halafu hufa. Mpunga wa Kihurio nao hutoa suke lake kileleni. Kwa hiyo nilikua nikidhani mmea huzaa juu, ukimaliza umemaliza.

Mkahawa ulinitia adabu. Kwenye shina lake la wima, jozi moja ya majani huelekea mashariki na magharibi, inayofuata kaskazini na kusini, ili ya juu yasiyazibie jua ya chini. Katika kwapa la kila jani la shina pana jicho moja linalotoa tawi la ubavuni, na hilo ndilo tawi la kuzaa. Jicho hilo hutoa mara moja tu. Ukilivunja tawi lile kwa uzembe, pale hapatoki jingine mpaka mti ufe. Chini yake yamejificha macho mengine, na hayo hutoa maotea, machipukizi yanayokwenda wima yakinyonya chakula cha mti. Ukiyaacha, baada ya miaka miwili shamba limekuwa kichaka.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba tawi la ubavuni hutembea. Kifundo kilichobeba buni mwaka huu kimemaliza kazi; mwakani buni zitakaa mbele yake, kwenye vifundo vilivyoota na mvua. Pingili ndefu ni za masika, fupi ni za kiangazi, na makovu ya vikonyo vya buni huonyesha kila msimu ulizaa wapi. Jioni nilirudi pua imeniungua, nikamwambia mkuu wangu kwamba mkahawa wake ulipata njaa misimu miwili iliyopita. Akasema, "Mpeni chai." Haikuwa na sukari, maana sukari haikuwepo, lakini sijawahi kunywa chai kwa furaha kama ile.

Tulifanya kazi bila vitendea kazi. Mkasi wa kupogolea ulikuwa mmoja kwa tarafa nzima. Mrututu, dawa ya kunyunyizia dhidi ya chulebuni, uliwasili ugonjwa ukiwa umeshakula buni zote. Kwa miguu nilivaa makatambuga, kandambili za matairi ambazo huzimalizi hata uzivae miaka kumi, na nilizivaa.

Ndipo nilipomjua Mama Naetwe. Alikuwa na mikahawa kama mia mbili kwenye mteremko ulio juu ya barabara, pamoja na mumewe, ambaye wakati huo alikuwa hai. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kipare changu hakikuwepo kabisa, hivyo tulielewana kwa vidole. Nilifika kumfundisha kuondoa maotea. Akaniacha nimalize hotuba, kisha akashika shina kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kikashuka kwapani, na otea likatoka zima, pamoja na kitako chake. Lilikuwa bado laini kama mchicha. Kwenye gome lilibaki kovu dogo la mviringo, kama punje ya dengu. Mkasi ungeacha kisiki, na kisiki kingechipua tena. Kuanzia siku hiyo wakulima wote niliwafundisha kidole gumba cha Mama Naetwe, na wala sikuona haya kusema nilikotoa. Bwana Shamba wa Tarafa, ambaye kusifu mtu kwake kulikuwa kama kung'olewa jino, akifika kwenye shamba lile alivua kofia.

Baadaye nilihamishiwa Nyumba ya Mungu, kule bwawani, kwenye bustani za wavuvi. Huko nilijifunza nyanya, mmea wenye kiburi: kichala chake cha maua hakitoki kwapani kama cha wenzake bali kwenye shina lenyewe, katikati ya jani na jani. Watu walinicheka nikipiga magoti na kuhesabu majani wakati wao wanauza sato. Niliporudi milimani miaka ilikuwa imegeuka. Ruksa ilikuwa imeingia, mitumba imejaa gulioni, sabuni ipo ya kila rangi. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi vijijini. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, chama cha msingi kimefunga ghala lake, na daftari za wanachama zimeliwa na mchwa. Watu waling'oa mikahawa wapande maharage. Mkuu wangu alikuwa amestaafu, na mume wa Mama Naetwe alikuwa amefariki.

Wilaya ikataka orodha ya mashamba yaliyotelekezwa, haraka. Niliahidiwa pia kwamba nikiifanya vizuri, kiti cha tarafa, kiti cha yule mzee wa kofia, ni changu. Nilikitamani kile kiti jamani, sitaki kudanganya.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mteremko ulikuwa utelezi mtupu. Barabarani, chini ya shamba la Mama Naetwe, nilikutana na shemeji yake, Mzee Eliewaha. Alikuwa mzee wa ukoo, mwenye Kiswahili safi. Tena alikuwa mwanaume wa kwanza katika kata ile kuniita "Afisa" bila kutabasamu upande. Akanikaribisha kibarazani kwake, akanipa kiti cha mgongo na chai yenye sukari.

"Shamba la marehemu ndugu yangu usijisumbue nalo, Afisa," alisema. "Shemeji amehamia kwa mwanawe Nyumba ya Mungu, anauza samaki. Pale ni msitu sasa. Naingia na panga mwenyewe, nijaribu kuokoa miti michache."

Niliangalia ule utelezi. Niliangalia chai. Nikatoa kalamu, nikaandika: limetelekezwa.

Miezi minne baadaye niliitwa na baraza la kata kama shahidi. Kwa desturi ya ukoo ule, mjane hukaa kwenye shamba la mumewe maadamu analitunza. Akiliacha, linarudi kwa ukoo. Mzee Eliewaha alikuwa amelidai. Alidai kwamba tangu kifo cha ndugu yake shamba lilikaa miaka mitatu bila mkono wa mtu, mpaka alipolikomboa yeye kwa panga. Majirani walijua ukweli, lakini nani amseme mzee wa ukoo mbele ya ukoo? Daftari za chama ndiyo hivyo tena. Karatasi iliyobaki ni moja tu, na ilikuwa na saini yangu.

Siku ya baraza niliondoka alfajiri, nikapanda kwanza shambani. Sikuhitaji kuingia ndani sana. Mikahawa ilisimama safi, matawi ya ubavuni yamepangana kutoka chini hadi juu bila pengo, buni za kijani zimejipanga kwenye vifundo vyake. Nilipitisha mkono kwenye shina la kwanza, kisha la pili, la kumi. Kovu la dengu, kovu la dengu, kovu la dengu. Nilikaa chini kwenye majani yaliyooza nikalia kwa aibu, mtu mzima mimi.

Barazani Mzee Eliewaha alisema vizuri, kisha ripoti yangu ikasomwa. Mama Naetwe aliulizwa kama ana neno. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Niliondoka wiki mbili, mjukuu alizaliwa. Nikarudi. Shamba lipo, nendeni mtazame." Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akanigeukia mimi.

"Bibi Shamba, unathibitisha maandishi yako?"

"Mwenyekiti, naomba twende tukaisome miti kwanza."

Watu wakaguna, lakini alikuwa mwalimu, akakubali. Tulipanda sote. Nilisimama kwenye mkahawa wa mbele nikaeleza kama nilivyoelezwa mimi. Otea likiachwa miaka mitatu huwa nene kuliko kifundo cha mkono, na ukilikata kwa panga huacha jeraha pana ambalo gome haliwezi kulificha. Likitolewa changa kwa kidole huacha alama kama ya dengu. Nikashika tawi la ubavuni, nikawaonyesha makovu ya buni, msimu baada ya msimu, kila moja mbele ya lingine, hakuna uliorukwa.

"Mzee Eliewaha," mwenyekiti alisema, "tuonyeshe jeraha moja la panga lako."

Mzee alizunguka mti mmoja, akazunguka wa pili. Akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

"Haya," mwenyekiti akanigeukia tena. "Ripoti inasema msitu, miti inasema shamba. Ipi ni ya kweli?"

"Miti."

"Na ripoti?"

Mbele yangu alisimama Katibu Tarafa, aliyekuwa aniandikie barua ya kunipendekeza kwa kile kiti.

"Ripoti niliiandika kibarazani kwa Mzee Eliewaha, Mwenyekiti, nikinywa chai. Huku juu sikufika."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shamba lilibaki la Mama Naetwe. Mimi nilipata barua ya onyo, ambayo ninayo mpaka leo, na kiti cha tarafa kilikaliwa na kijana kutoka chuoni, mtu mzuri tu. Nilibaki bibi shamba wa kata mpaka siku niliyostaafu.

Siku ile watu walipotawanyika nilimfuata Mama Naetwe. Alikuwa ameshaanza kung'oa maotea, kama vile baraza halikuwepo.

"Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu." Kidole chake hakikusimama. "Siku ile ya utelezi nilikuwa hapa hapa. Nilikuona barabarani. Nikakupungia mkono."

"Kwa nini hukusema barazani?"

"Ningesema mimi, wangesema mjane anamsingizia afisa. Nikakungojea wewe useme."

"Na kama nisingesema?"

Alihamia mti wa pili. "Ningeng'oa maotea mpaka waje kunitoa," alisema.

Sasa nimestaafu, nami nina mikahawa sitini kwenye kipande nilichonunua, si mbali na shamba lake. Yeye ametangulia mbele ya haki, na wanawe hawajang'oa hata mti mmoja. Nimefanya kazi chini ya maafisa wengi, wengine wenye shahada, na nawaheshimu. Lakini nikiulizwa nilisoma kwa nani, nawataja wawili, yule mzee wa kofia na yule mama wa kidole gumba. Asubuhi napitisha mkono kwenye kila shina, na bado nashangaa jinsi jani linavyojua mahali pake, na buni mahali pake, bila kuandikiwa na mtu.

Afisa ugani wetu wa leo ni binti mwenye pikipiki na simu kubwa. Hupita barabarani chini akipiga picha za mashamba, mambo yanakwenda haraka siku hizi. Kila akipita nasimama nampungia mkono. Kwa miezi mingi alikuwa akinipungia naye huku anakwenda. Juma lililopita alizima pikipiki, akavua viatu maana palikuwa na utelezi, akapanda.