Kipande cha Shaba cha Kiprono

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyobaki maabarani peke yangu wenzangu wakiwa kanisani. Nilikuwa kijana wa Subukia niliyepelekwa ng'ambo kusoma fizikia, na mtu pekee niliyeongea naye Kiswahili alikuwa Kiprono wa Keringet, aliyenitangulia huko miaka mitatu.

Kazi yetu ilikuwa kutoa elektroni kwenye metali kwa mwanga. Chembe moja ya mwanga mwekundu haiwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini leza yetu iliubana mwanga katika mipigo mifupi mno, hata kufumba na kufumbua ni kama umri mzima mbele yake. Hapo chembe tatu au nne huifikia elektroni kwa pamoja, nayo huchomoka. Nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha hayo.

Kiprono alikuwa amesafisha kipande cha shaba kwa majuma mengi, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Jumatatu angepima mara ya mwisho, kisha arudi kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa. Jumapili hiyo leza iliachwa ikiipiga shaba, nami niliachiwa kuangalia tu.

Saa nne elektroni zikaanza kupungua. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini niliona haya kwenda kumwita. Nikaongeza nguvu ya leza. Zikafurika, kisha zikakatika kabisa. Nilikuwa nimeichoma shaba.

Kiprono aliporudi alichungulia kidirishani mwa chombo, akakaa chini.

"Zilipungua, ukafanya nini?"

"Nikaongeza nguvu."

"Aii, ndugu yangu. Si ni mabaki ya hewa tu yalikuwa yameganda juu? Unapasha shaba moto kidogo, yanatoka. Ungeniita. Hata hayo mahubiri yalikuwa marefu, ningetoka nikishukuru."

Sikucheka, naye hakucheka.

Kuandaa kipande kingine kulichukua zaidi ya mwezi. Mama yake alizikwa kabla hajafika. Alinisamehe, tena kwa maneno mazuri, lakini tangu hapo tulikula meza moja tukiongea habari za baridi ya huko tu.

Sasa naishi Kiamunyi, na tangu mke wangu atangulie kwa Bwana nyumba ni kimya. Siku nyingine hapiti mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Ndiyo maana nakuandikia. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Jambo likianza kukushinda, mwite mwenzako lingali dogo, hata kama yuko katikati ya sala; Mungu atamngoja.

Akujalie watu wa kuwaita, na miguu ya kuvuka barabara mapema. Amina.