Siku Wiebren Alipojiziba Bafuni

Wiebren Hoekema ni bahili, na kwetu Friesland, mkoa wa Uholanzi, hiyo ni sifa. Ukimtembelea unapewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo la biskuti linafungwa. Miaka thelathini na minne aliendesha lori la maziwa, kutoka mashambani hadi kiwandani, bila kuvuka mpaka wa mkoa hata siku moja. Alipostaafu akanunua kempa kuukuu, gari lenye kitanda, jiko na bafu, akamwahidi mkewe Sjoukje kwamba sasa watatembea dunia. Kilichowaharibia ni bafu.

Maji yalikuwa yakipenya pembeni mwa beseni la kuogea. Kila mwaka Wiebren alipaka silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia, mpya juu ya ya zamani, maana aliona kuibandua ni kutupa kitu ambacho bado kipo. Na kila mwaka, wakifika tu kambini, Sjoukje alikanyaga sakafu kwa soksi, soksi zikalowa, safari ikageuka ugomvi. Mwaka huu akachoka. Kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, ile tunayoitundika chooni huku kwetu, siku moja baada ya jina lake mwenyewe, akaandika: "Mnunuzi wa kempa, saa nne." Chooni hakuna asiyesoma. Mimi jirani yao niliisoma Jumamosi, na moyo ukaniuma, maana lile gari ndiyo dunia yote aliyobakiza yule mzee.

Niliziba mashua miaka ishirini, kwa hiyo nilimpa darasa bila kuombwa.

"Mzee, silikoni haishiki juu ya silikoni. Bandua yote."

"Yote? Hii ya juu bado nzima."

"Yote. Halafu ukikanyaga beseni linashuka kidogo, ndiyo maana inachanika. Ipake beseni likiwa na uzito ndani, na uzito ubaki humo mpaka ikauke."

Akabandua siku mbili, kwa kikwanguo cha plastiki ili asikwaruze beseni. Ilitoka nyeupe, chini yake ya kijivu, na chini kabisa nyeusi kwa ukungu, ikinuka kama kitambaa cha vyombo kilichosahaulika. Akapangusa kwa spiriti, akaacha pakauke, akabandika utepe wa karatasi juu na chini ya mwanya. Kazi safi, lazima niseme.

Asubuhi ya siku ya kuzaliwa ya Sjoukje akaweka kreti la maziwa katikati ya beseni, akalikalia na kilo zake tisini na saba, akapaka silikoni kujizunguka pande zote nne. Akailainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, akabandua utepe. Hapo ndipo akili ilipomjia. Akisimama kutoka, beseni litapanda.

"Sjoukje," akaita, "leo sitoki."

"Hutoki wapi? Watu wanakuja saa nane."

"Uzito ndio mimi."

"Si uweke magunia ya viazi?"

"Viazi havijui kukaa sawasawa."

Ubishi mtupu. Lakini mwaliko ni mwaliko, na kwetu sherehe ya kuzaliwa ni kukaa kwenye duara na kila mtu kumpongeza kila mtu. Basi duara likahamia uani, kuzunguka mlango wa kempa. Wageni walipanda mmoja mmoja, wakainama bafuni, wakampa mkono: "Hongera kwa mkeo, Wiebren." Naye, magoti yakiwa kidevuni, akajibu kila mmoja kwa heshima zote. Keki ilipitishwa dirishani. Shemeji yake Tjitske akamuuliza kama anataka na taulo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na Sjoukje, niliyemwona amenuna mwezi mzima, alicheka kunizidi.

Jioni mgongo wa Wiebren ukasalimu amri, akaomba viazi kwa sauti ya chini sana. Tukabadilishana taratibu, gunia moja ndani, mguu mmoja nje. Sjoukje alimtazama tu, na mimi naona hiyo ilimuuma kuliko mgongo.

Kesho yake saa nne kasoro tukatoa viazi. Sjoukje akavua soksi, akazitandaza sakafuni mbele ya bafu, akafunga mlango. Mnunuzi akafika kwa wakati wake kamili, bwana mmoja wa mji wa Drachten, akasimama nasi uani akisikiliza maji yanavyomwagika.

"Halivuji?" akauliza.

Wiebren akatega sikio ukutani mwa kempa.

Maji yakakatika. Kisha dirisha dogo likafunguka, kikatoka kichwa kilicholowa, halafu mkono wenye soksi mbili. Sjoukje akazifinya mbele yetu. Hazikutoa hata tone.

"Wiebren," akasema, "mpe huyo bwana kahawa. Umwambie hili gari lina wenyewe."

Tukaingia ndani. Wiebren akamimina kahawa huku machozi yakimtiririka bila aibu, akampa mgeni biskuti moja, akafunga kopo. Akalitazama kidogo. Kisha akalifungua tena.